Jua la Springfield

Mlangoni mwa karakana ya mzee aliyenifundisha kufua chuma palikuwa na gunia la katani lililoning'inizwa kwenye misumari miwili. Nilidhani ni la kuzuia vumbi la barabarani. Siku moja, jua la saa sita likiwaka, nililikunja nipate upepo, kisha nikarudi kwenye tindo niliyokuwa nimeitia motoni. Maagizo niliyopewa yalikuwa mafupi: ingoje ifike rangi ya damu ya mzee, ipite hapo kidogo tu, itoe, izamishe kwenye mafuta. Nikangoja. Niliona bado, nikavuta mivukuto. Nikaona bado, nikavuta tena. Mwisho ikakolea nilivyotaka, nikaizamisha. Ilipopoa nikaijaribu kwenye pande la chuma, na kwa pigo la tatu ncha ikaruka, ikagonga bati la ukutani.

Mzee aliiokota ile ncha, akaigeuza upande uliokatika, akanionyesha. Ndani palikuwa na punje kubwa zinazometameta kama chumvi ya mawe. "Umekiunguza chuma, mwanangu," alisema, akaenda mlangoni akalishusha gunia. Karakana ikaingia giza, na kipande kingine kilichokuwa makaani, ambacho muda mfupi uliopita nilikiona chekundu hafifu, kikang'aa rangi ya chungwa. Moto ulikuwa ule ule na chuma kile kile. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yamejaa jua.

Kisa cha sura hii ni cha gunia hilo hilo, ila kilitokea Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, ndani ya kiwanda cha silaha cha serikali, na vyuma vilivyohusika vilizidi milioni moja.

Kiwanda cha Springfield kilikuwa kikitengeneza bunduki za jeshi la Marekani tangu miaka ya 1790. Mwaka 1903 jeshi lilipitisha bunduki mpya iliyopewa jina la mwaka huo, Model 1903, na mpaka leo wapenzi wa bunduki za zamani huiita Springfield tu. Mpango wake wa ndani ulifanana mno na ule wa Mauser ya Ujerumani, hata serikali ya Marekani ikakubali kuilipa kampuni hiyo dola 200,000 kwa haki za ubunifu wake. Kiwanda cha pili, kile cha Rock Island huko Illinois, nacho kilipewa kazi ya kuitengeneza. Ilikuwa bunduki nzuri, yenye shabaha, na walioitengeneza walikuwa mafundi hasa. Nalisema hili mapema, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani anasoma habari za watu wazembe.

Ukiishika bunduki hiyo, mtutu uko mbele, kitako kiko begani, na katikati, karibu na shavu lako, pana kipande cha chuma cha urefu wa kama shubiri moja. Mafundi hukiita resiva. Mtutu hukazwa kwa hesi upande wa mbele wa resiva. Komeo, ambalo askari hulivuta na kulisukuma kwa mkono kila anapotaka kupiga, huteleza ndani yake. Likifika mwisho na kugeuzwa, meno yake mawili ya mbele huingia kwenye makao yaliyochongwa ndani ya resiva na kushika. Baruti inapowaka, nguvu yote inayorudi nyuma hubebwa na meno hayo, na meno hubebwa na resiva. Nyuma ya resiva liko jicho la mpigaji.

Nguvu yenyewe si ya kubeza. Ndani ya chumba cha risasi, shinikizo hufika kiasi cha pauni 50,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo lina pauni 30 hivi.

Sasa tazama jinsi resiva ilivyotengenezwa. Ilianza kama kipande cha chuma cha pua chenye kaboni kidogo, kikatiwa moto na kufuliwa kwa nyundo kubwa za mashine mpaka kikapata umbo. Kisha kikapita mashine moja baada ya nyingine: hii inatoboa, hii inachonga mfereji wa komeo, hii inakata hesi, hii inasawazisha mgongo. Kila hatua ilikuwa na geji yake. Fundi aliiingiza geji, ikiingia vizuri kipande kinaendelea, ikikwama au ikicheza kipande kinatupwa. Vipimo vilikuwa vyembamba kiasi kwamba komeo la bunduki moja lingeweza kuingia katika nyingine bila kupigwa tupa, jambo ambalo viwanda vya silaha vya Marekani vilikuwa vimelihangaikia karibu karne nzima.

Uchongaji ulipokwisha, resiva zilipangwa ndani ya vyungu vya chuma vilivyojazwa mifupa iliyochomwa, zikaingizwa tanurini na kukaa humo kwa saa kadhaa katika joto linalolengwa kuwa nyuzi 815 hivi za Selsiasi. Kaboni ya mifupa ilipenya kwenye ngozi ya chuma. Zilipotoka zilizamishwa kwenye mafuta, ngozi ikawa ngumu ya kustahimili msuguano wa komeo, na ndani pakatarajiwa pabaki laini kiasi, pawe na uvumilivu.

Upana wa mfereji ulikuwa na geji. Kina cha hesi kilikuwa na geji. Joto lilipimwa kwa jicho.

Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917. Julai mwaka huo bunduki mbili za Model 1903 zilipasuka zikiwa mikononi mwa wapigaji. Uchunguzi ulianza kwenye risasi, na huko lilipatikana kosa la kweli: shaba ya kitako cha ganda ilikuwa laini mno. Ganda ndilo linalofunga gesi isirudi nyuma, na katika bunduki hii sehemu ndogo ya kitako chake hubaki wazi, haikumbatiwi na mtutu wala komeo. Shaba ikiwa laini, huachia hapo. Gesi ya moto huingia kwa ghafla ndani ya resiva, mahali ambapo haikutarajiwa kufika.

Wangeweza kuishia hapo. Mwenye kosa alikuwa amepatikana, tena yuko nje ya kiwanda, na vita havisubiri. Mimi huwa nawaheshimu sana watu ambao, wakiisha kupata jibu linalowaokoa, wanaendelea kutafuta. Maana lilibaki swali moja gumu: kwa nini resiva imevunjika vipande vipande? Chuma cha pua kilichotiwa moto sawasawa, kikizidiwa, huvimba, hupinda, hufunguka kama mdomo. Vipande vile vilikuwa vimevunjika kama sahani ya udongo, na pale palipovunjika palikuwa na punje kubwa. Walipojaribu resiva nyingine za aina hiyo ilionekana kwamba pigo la nyundo tu lilitosha kuzivunja.

Hapo wakarudi kwenye matanuri, na habari ya walichokikuta huko imetufikia kupitia ofisa wa jeshi aliyefanya kazi Springfield, Julian Hatcher, aliyepanda cheo mpaka akawa meja jenerali, na mwaka 1947 akachapisha kitabu chake cha kumbukumbu za silaha. Anaeleza kwamba kazi ya kutia moto resiva ilikuwa mikononi mwa wazee wenye uzoefu wa miaka mingi. Hao ndio walioamua, kwa kuangalia rangi, kwamba chuma kimefika. Wakubwa walipowauliza, walijibiwa kwamba joto ni sahihi. Yakaletwa mapirometa, vyombo vya kupima joto la tanuri. Vipimo vikaonyesha kwamba joto ambalo jicho la mzee liliita sahihi siku ya jua kali lilizidi lile aliloliita sahihi siku ya mawingu kwa hadi nyuzi 300 za Farenhaiti, yaani zaidi ya nyuzi 160 za Selsiasi.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Niliisikia ile ncha ikigonga bati.

Wale wazee hawakuwa wakidanganya. Jicho la fundi aliyezoea hutofautisha rangi ambazo mgeni haoni tofauti yake, na kwa karne nyingi majembe, panga na shoka za dunia zimetoka kwenye macho kama hayo. Lakini jicho hulinganisha tu. Huona chuma kinang'aa kiasi gani kuliko vitu vilivyo pembeni yake, na vitu vya pembeni vikiangazwa na jua linaloingia dirishani, chuma lazima kizidi kuwaka ndipo kionekane kile kile. Kadiri siku ilivyokuwa nzuri, ndivyo kazi ilivyoharibika. Tena uzoefu haukuwaokoa, kwa kuwa ulijengwa siku za jua na siku za mawingu kwa pamoja, na hakuna kipande kilichorudi na kumwambia fundi: mimi nilitoka siku ile, nami nilivunjika.

Ndani ya chuma mambo yalikwenda hivi. Chuma ni mkusanyiko wa punje zilizoshikana. Kikipata joto la kufaa, punje hubaki ndogo na mipaka yake ni mingi, ufa ukianza hukwama kila hatua. Joto likizidi, punje humezana na kuwa kubwa. Hapo bado pana dawa: kikirudishwa motoni kwa uangalifu na kupozwa vizuri, punje huweza kupunguzwa. Lakini joto likizidi mno, kama inavyoweza kutokea wakati wa kufua, mipaka yenyewe ya punje huharibika, na chuma huwa kama ukuta wa matofali ambao saruji yake imeoza: kwa macho umesimama, na ukiuegemea taratibu unakubeba. Hicho ndicho wahunzi hukiita chuma kilichoungua, na hakina dawa isipokuwa kuyeyushwa upya.

Mtu atauliza: bunduki hizi si zilijaribiwa kabla ya kutoka kiwandani? Zilijaribiwa. Kila moja ilipigwa kwa risasi maalumu yenye shinikizo la pauni 70,000 hivi kwa inchi ya mraba, zaidi ya theluthi ya ziada ambayo mtu mwangalifu angeiomba. Na resiva zilizoungua zilipita. Katika jaribio hilo ganda lilikuwa zima, gesi ilikaa mahali pake, na mzigo uliifikia resiva kwa njia ya komeo, kama ilivyopangwa. Kioo cha meza hubeba vitabu vingi. Kipige kokoto moja. Ganda lilipoachia na gesi kuipiga resiva kutoka ndani, ile ndiyo iliyokuwa kokoto, na jaribio la kiwandani halikuwa limewahi kuirusha.

Dawa ya mbele ilipatikana haraka. Mapirometa yakawekwa kwenye matanuri. Njia ya kutia moto ikabadilishwa: resiva baada ya kutoka kwenye vyungu vya mifupa na kuzamishwa kwenye mafuta zilirudishwa motoni kwa joto dogo zaidi, zikazamishwa tena, kisha zikapashwa kidogo kuondoa ukakamavu uliozidi. Springfield ilianza kutumia njia hiyo mwezi Februari 1918, ilipokaribia bunduki namba 800,000. Rock Island ilifuata Mei mwaka huo, kwenye namba 285,507. Mchoro wa resiva haukuguswa hata mstari mmoja, wala mashine za kuchonga hazikubadilishwa. Wakati wa vita kulitokea askari walioingiza kwa makosa risasi za Mauser za Wajerumani, ambazo ni nene kuliko mtutu wa bunduki ya Kimarekani, na hapo tofauti ilionekana wazi: resiva mpya zilistahimili mateso yaliyozivunja zile za zamani. Baadaye chuma chenyewe kilibadilishwa kikawa cha nikeli, kwanza Rock Island mwaka 1918, na Springfield karibu miaka kumi baadaye.

Lakini nyuma ya namba hizo mbili palibaki resiva zaidi ya 1,080,000. Nyingi zilikuwa tayari mikononi mwa askari, nyingine kwenye meli zikivuka Atlantiki.

Ni zipi zilizoungua? Swali hilo halikujibika. Kipande kilichotoka tanurini siku ya mawingu kilikuwa kizima. Jirani yake mwenye namba inayofuata huenda alitoka mchana wa kiangazi. Kwa nje zilifanana mpaka mng'ao. Geji ziliingia sawasawa katika zote. Ungeweza kuipiga resiva nyundo ujue, lakini ukiisha kujua huna resiva. Na wala haikuwa hitilafu ya haraka ya vita peke yake, kwani miongoni mwa zilizopasuka zilikuwemo za miaka ya mwanzo kabisa, zilizotengenezwa wakati wa amani na kwa nafasi.

Majaribio ya kuzitia moto upya zile za zamani yalifanyika. Matokeo hayakutosha kuaminiwa, kwa sababu ile niliyoieleza: zile ambazo punje zake zilikuwa zimekua tu ziliweza kupona, zilizoungua hazikuweza, na tanuri halina njia ya kuzitenganisha.

Ndiyo maana namba 800,000 ikawa kama mstari uliochorwa mchangani. Watu huizungumza kana kwamba ilitokana na kipimo: chini yake mbovu, juu yake nzima. Ukweli ni kwamba ilichaguliwa kwa kuwa kiwanda hakikuwa na kumbukumbu nyingine ya kushika. Kama mtu mmoja angekuwa ameandika kila siku kwenye daftari, resiva namba fulani hadi fulani, joto kadha, hewa kadha, wangeweza kuzitoa mbovu na kuacha nzima. Chombo cha kupimia joto hilo hakikuwa kigeni. Mkemia Mfaransa Henri Le Chatelier alikuwa ametengeneza kipimo cha nyaya mbili za madini kinachohimili joto la tanuri katika miaka ya 1880, zaidi ya miaka kumi na tano kabla jeshi halijaipitisha bunduki yenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo kosa lilipo, kuliko kwa wazee wa tanurini. Waliokuwa na madaraka ya kununua vyombo waliona fahari ya geji na wakaiamini hata mahali ambapo geji haikuwepo.

Hatcher aliorodhesha resiva zilizopasuka kati ya mwaka 1917 na 1929. Zilikuwa 68. Katika orodha hiyo hakuna aliyeuawa, ila walikuwemo waliopoteza jicho. Gawanya 68 kwa milioni moja na ushee, utapata hatari ndogo sana, na ndivyo walivyohesabu wakubwa. Baraza lililokaa kulichunguza suala hilo lilipendekeza bunduki zote za namba za chini ziondolewe. Mwaka 1928 Brigedia Jenerali Samuel Hof, akiwa na dhamana ya maghala, alishauri njia ya kati: zilizoko ghalani zisigawiwe tena, ziwekwe kama akiba ya vita, zilizoko kwa askari ziachwe mpaka zichakae kwa sababu nyingine, na zikirudi kufanyiwa matengenezo resiva zake zitupwe. Alikiri kwamba risasi zilikuwa zikizeeka na ajali zingeweza kuongezeka. Alisema pia kwamba baadhi ya bunduki hizo zilikuwa zimeshachakaza mitutu kadhaa bila kudhuru mtu.

Nimeugeuza ushauri huo mara nyingi. Nchi ilikuwa na amani, bajeti ya jeshi ilikuwa nyembamba, na resiva mpya milioni moja ni mali nyingi. Naelewa. Hata hivyo siwezi kuukubali. Hatari ya 68 kwa milioni ilihesabiwa kwa miaka ambayo mingi ilikuwa ya amani, watu wakiwa na nafasi ya kusafisha mtutu. Na bunduki hizo zikawekwa akiba kwa siku ambayo mtutu utajaa matope na risasi zitatoka popote zitakapopatikana. Tena "akiba ya vita" maana yake ni kwamba kijana atakayekabidhiwa hajazaliwa au yuko shuleni, na hakuna atakayemwambia.

Siku hiyo ikafika. Agosti 1942 wanamaji wa nchi kavu wa Marekani walitua Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, wakiwa na Model 1903, wakati jeshi la ardhini lilikuwa limeshaanza kupewa bunduki mpya ya M1. Miongoni mwa bunduki za wanamaji hao zilikuwemo za namba za chini. Baadhi zilikuwa zimetobolewa tundu dogo ubavuni kushoto mwa resiva, ili ganda likiachia gesi ipate mlango wa kutokea. Tundu hilo huitwa mpaka leo kwa jina la Hatcher. Ni kazi ya keekee, dakika chache kwa fundi, na ni wazo jema. Lakini lilitobolewa kwenye chuma kile kile, punje zile zile.

Namba ya bunduki hiyo imepigwa juu ya duara la mbele la resiva, chini ya maneno yanayotaja kiwanda na modeli. Mpigaji akiweka shavu kwenye kitako na kufumba jicho moja, inakuwa mbele ya pua yake, karibu kiasi cha kusomeka. Kijana aliyelala kwenye matope ya Guadalcanal angeweza kuisoma yote, tarakimu kwa tarakimu. Siku resiva yake ilipotoka tanurini, kama jua lilikuwa limeingia dirishani au mawingu yalikuwa yametanda juu ya Springfield, hakuna aliyekuwa ameandika.